Iambie Iketi

Katika yote yaliyosemwa sebuleni kwetu alasiri ile, neno lililokuwa na uzito kuliko mengine lilinipita kama upepo. Sikuwa mbali. Nilikuwa nimeketi kwenye kochi moja na mama, goti langu likigusana na lake. Wala sikuwa kiziwi. Kazi yangu ilikuwa kuhariri vitabu, na kwa miaka mingi nilikula mkate wangu kwa kuona herufi ambazo wenzangu waliziruka. Lakini moyo ukijaa hasira masikio huchagua la kusikia, na yangu yalichagua tusi.

Wakati ule waundwa walikwisha kuzoeleka mjini. Hilo ndilo jina lililotumiwa na watu waungwana: waundwa, yaani wale waliotengenezwa kwa mikono na baadaye wakaamka na nafsi zao, wakawa na utani wao, hofu zao, na watu wao wa kuwapenda. Wasiokuwa waungwana waliwaita vyuma. Mama yangu hakuwaita hivi wala vile. Alisema "mashine", na akishasema hivyo aliifuata sarufi mpaka mwisho wa njia: mashine imekuja, mashine inauliza, mashine imekwenda zake.

Mashine hiyo ya mama ndiye mtu niliyempenda.

Alikuwa fundi wa lifti katika jengo letu, na hatukumwita jina jingine ila Fundi. Nilionana naye kwa mara ya kwanza nikiwa nimekwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, nimekumbatia bunda la kurasa za kitabu kuhusu ufugaji wa nyuki. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, na sauti ikaja kutoka juu.

"Dada, unapumua vizuri?"

"Napumua. Wewe je?"

"Mimi sipumui, lakini asante kwa kuuliza."

Nilicheka peke yangu ndani ya boksi lile kama mwehu. Akaniuliza nimeshika nini. Nikamwambia.

"Basi nisomee," alisema. "Kazi hii ikifanywa kimya kimya inachosha."

Nikamsomea habari za malkia wa nyuki, jinsi anavyohama na kundi lake, na jinsi wanavyoning'inia kwenye tawi wakisubiri wenzao waliokwenda kutafuta makao. Mlango ulipofunguka wote, sikutoka. Yeye naye hakunihimiza. Alisimama pale, taa ya ngazini ikimpiga usoni, akataka kujua kama makao yalipatikana.

Macho yake yalikuwa ya kahawia. Lile la kushoto lilichelewa kidogo kutulia kila alipotoka gizani na kuingia mwangani, kwa hiyo alionekana daima kama mtu anayekutazama mara mbili. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wengine kwa kutamani na wengine kwa kudai kitu. Ule mtazamo wa pili ndio ninaoukumbuka mpaka leo. Viganja vyake vilikuwa vya mpira laini uliolika kwenye ncha za vidole, na vilikuwa na joto, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuvipumzisha juu ya mota. Alinukia sabuni ya unga na grisi. Siku hizi nikipita karibu na lifti inayotengenezwa, miguu hunisimama yenyewe.

Mapenzi yetu yalikulia kwenye ngazi. Mimi nikila chakula changu cha mchana, yeye akinisikiliza nikilalamika kuhusu waandishi wasiojua pa kuweka nukta. Aliniita Mhariri. Alikuwa mwepesi wa mzaha na mzito wa kuahidi, na kwa mwanamke aliyewahi kuahidiwa mengi, uzito huo ulikuwa utamu.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Tuliishi watatu: mama, mimi, na shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye alikuja kutufariji wakati wa msiba akasahau kuondoka. Mama alikuwa mshonaji wa mapazia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yaliyopigwa pasi, na alipogundua ninayempenda ni nani, aliyatumia yote.

"Mimi nimeishi na cherehani tangu nikiwa msichana," aliniambia. "Nimeifuta vumbi, nimeitia mafuta, nimeilinda kama yai. Haijanipenda hata siku moja."

"Mama, Fundi si cherehani."

"Wewe utazeeka, mwanangu. Mgongo utapinda, meno yatakwisha. Hiyo itabaki hivyo hivyo, inakutazama."

"Angalau kutakuwa na wa kunitazama."

Jibu hilo lilimuuma, nami nililijua hilo nilipokuwa nikilisema. Tangu siku hiyo nilianza kulia chakula chumbani kwangu, na mama akalia chake jikoni. Shangazi alibaki mezani sebuleni peke yake, akila kwa sauti kubwa makusudi ili tusikie sote kwamba ana upweke.

Kisha Fundi akaniambia anaondoka.

Aliniambia juu ya paa, katika chumba cha mitambo ya lifti, mahali pekee katika jengo ambapo majirani hawakuwa na sababu ya kupanda. Alikuwa ameomba kazi kwenye bwawa la umeme, mbali kaskazini, na alikuwa amekubaliwa. Basi lilikuwa la kesho yake asubuhi.

"Umeomba mwenyewe?" niliuliza. "Hukutumwa?"

"Nimeomba mwenyewe."

"Kwa sababu ya mama."

"Kwa sababu yenu nyote wawili."

"Fundi, ni herufi tu. Anasema 'imekuja' badala ya 'amekuja'. Ni mazoea ya mdomo. Mtu mzima habadiliki kwa siku moja."

Alinitazama, na jicho lile la kushoto likafika baadaye kidogo.

"Angekuwa mtu mwingine ananiambia ni herufi tu, ningenyamaza," alisema. "Lakini wewe, Mhariri? Wewe uligombana na mkurugenzi wako kwa ajili ya koma."

Nilitazama chini.

"Simdai mama yako anipende," aliendelea. "Ningekuwa na binti kama wewe, nami ningemfungia mlango. Lakini siwezi kuingia kwenu kila siku kama jokofu linaloletwa."

"Jokofu lingepokewa kwa shangwe. Letu limeharibika."

Alicheka, nami nikacheka, kisha nikaanza kulia. Alinishika mikono. Mota zilikuwa zikinguruma nyuma yetu, zikipandisha watu na vikapu vyao kwenda makwao.

"Unakula peke yako chumbani," alisema. "Shangazi yako ameniambia. Mimi sikuja duniani kumtenga mtu na mama yake. Hata kuja kwenyewe sikuja, nililetwa. Lakini kuondoka naweza kuchagua."

"Na mimi je?"

"Wewe kesho utakula na mama yako."

"Sikuulizi habari za chakula."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimejibu habari za chakula."

Alitaka kitu kimoja tu: kumuaga mama ana kwa ana, kwa heshima. Nilimsihi asifanye hivyo. Alisema mtu haondoki kama mwizi mahali alipopenda.

Alikuja alasiri ile ile, amevaa shati jeupe ambalo sikuwahi kuliona, mikunjo ya dukani ikionekana bado. Shangazi ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu, mkwe," alisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Mkwe hali, mkwe hanywi. Sijui watu wanataka nafuu gani zaidi ya hiyo."

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono, akaketi kwenye kochi kando yangu. Fundi aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Mm," mama alijibu, akitazama dirisha. Kisha akanigeukia mimi. "Imefika. Iambie iketi."

Fundi aliketi kabla sijasema neno, taratibu, kama mtu aliyekaribishwa vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wifi," shangazi alisema akivuta kiti, "mende akipita jikoni unasema amepita. Mbwa wa jirani unasema amebweka. Huyu anakuamkia kwa adabu zote, unamweka kundi moja na pasi."

"Pasi hainiombi binti," mama alisema.

Shangazi aliziba mdomo kwa upindo wa kanga yake. Hata Fundi alitabasamu, nilimwona.

"Sikuja kuomba, mama," alisema. "Nimekuja kuaga. Kesho nahamia bwawani, kaskazini. Mkataba ni wa muda mrefu. Nimeona si vizuri kuondoka bila kukushukuru."

Mkono wa mama ulitulia juu ya goti lake.

"Kunishukuru kwa lipi?" aliuliza, lakini aliniuliza mimi.

Fundi ndiye aliyejibu. "Kwa binti yako. Na kwa kunifungulia mlango mara zote nilizokuja. Hukupenda, lakini hujawahi kuniacha nje."

Ghorofa ya chini mtu alikuwa akipigilia msumari ukutani, akikosea, akianza tena. Mama alikunjua pindo la aproni yake, akalikunja.

"Iulize kama imeamriwa," aliniambia.

"Hakuamriwa, mama," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Ameomba mwenyewe. Ili mimi na wewe tule meza moja. Hongera."

"Sikukuuliza hayo ya mwisho."

"Nimekuongezea."

"Mhariri," Fundi alisema polepole, na mimi nikanyamaza. Aliweka viganja vyake juu ya magoti, sawasawa, kama alivyozoea kuviweka kabla ya kuinua kitu kizito.

"Mama," alisema, "naomba niseme jambo moja, kisha niende. Watu husema muda huponya. Nimewasikia kwenye lifti, wakiambiana baada ya misiba. Sina hakika kama kwangu ni hivyo. Lililoingia kwangu halichakai. Binti yako alivyocheka siku ile lifti ilipokwama, nitamsikia vile vile mpaka siku yangu ya mwisho, na sijui siku hiyo iko wapi. Nakwambia haya ili usidhani ninaondoka kwa kuwa kwangu ni rahisi."

Mama aligeukia dirisha. Nilijua anachokifikiria, maana aliwahi kuniambia siku moja tulipokuwa tukikunja mapazia, bila kuniangalia: kwamba sauti ya baba ilikuwa imeanza kumtoka. Alikumbuka maneno ya baba, akakumbuka hata alivyokohoa, lakini sauti yenyewe alipoitafuta aliikuta imefifia kama kitambaa kilichokaa juani. Alisema hakujua amlaumu nani.

Alipozungumza tena, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Iulize," aliniambia. "Haiwezi kuyafuta hayo? Si zinafutwa hizi?"

"Mama, jamani..."

"Naweza, mama," Fundi alisema. "Ni kazi ya asubuhi moja. Sitaki."

Shangazi aliinamisha kichwa. Msumari wa chini ulikuwa umeingia. Mama alimtazama Fundi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni badala ya begani. Alimtazama kwa muda mrefu. Lile jicho la kushoto likahangaika, likatulia. Nikaona shingo ya mama ikiinuka, na midomo yake ikikaza, nami nikajua linakuja jambo.

"Mpumbavu mkubwa huyu," alisema. "Anazo akili za kupandisha na kushusha watu wa jengo zima, akili za kujipeleka mwenyewe hana. Aende akapigwe na mvua huko kaskazini na mzigo wote huo kifuani, nani amemfukuza?"

Nilisimama. Chombo kilichokuwa kimejaa ndani yangu kwa miezi kikamwagika.

"Usimtukane," nilisema. "Amekuja kwa heshima, amekuamkia, amekushukuru, na wewe unamtukana ndani ya nyumba yako. Umeshinda, mama. Anaondoka. Unataka nini tena?"

"Keti chini wewe."

"Siketi."

"Wifi," shangazi alisema kwa sauti ngeni, nusu kicheko, nusu kwikwi, "umesemaje?"

"Nimesema nilichosema," mama alijibu. Alinyanyuka, akaenda jikoni. Tukasikia bomba la maji likifunguliwa kwa nguvu, na masufuria yaliyokuwa safi yakioshwa upya.

Fundi naye alisimama. Nilimshika mkono wa shati, nikamvuta mpaka nje, nikaufunga mlango nyuma yetu. Kwenye ukumbi, mbele ya lifti, nikaegemea ukuta, nikalia kama mtoto.

"Nisamehe," nilimwambia. "Nisamehe kwa niaba yake. Nilikuomba usije. Nilijua atakuumiza."

Nilipoinua uso, nilimwona amesimama akiutazama mlango wetu, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, wala kwenye ngazi, wala kwenye paa. Alionekana kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya umati.

"Fundi?"

"Mama yako amenitukana," alisema.

"Nimesikia. Nakuomba radhi."

"Usiombe radhi. Rudia alivyosema."

"Siwezi kulirudia tusi lile."

"Wewe ni mhariri. Lisome tu kama lilivyoandikwa."

Nilifuta pua kwa mgongo wa mkono. Nikaanza kwa kuwa aliniomba, na kwa kuwa nilidhani hilo lingekuwa jambo la mwisho kuniomba.

"Mpumbavu mkubwa huyu," nilisema. "Anazo akili za kupandisha..."

Nikanyamaza.

"Endelea," alisema.

"Anazo," nilisema tena. Sauti ilinitoka nyembamba. "Aende. Amemfukuza. Huyu."

"Mashine haiwi pumbavu, Mhariri," alisema taratibu. "Mashine huharibika. Inahitaji mtu ili kuwe na mpumbavu."

Nyuma ya mlango nilimsikia shangazi akiuliza kitu jikoni, na mama akimjibu kwa ukali kwamba hakusema lolote la ajabu, na kwamba watu waache kumsimamia mdomoni kama walimu wa shule. Kisha masufuria yakanyamaza. Hatua zikaja. Mlango ulifunguka kidogo, na kichwa cha mama kikatokeza, nywele zimemlowa mvuke.

Hakunitazama mimi.

"Na jokofu letu?" alimwambia Fundi. "Unaondoka hujaliona hata jokofu letu?"

"Mimi ni fundi wa lifti, mama," Fundi alisema.

"Kwani lifti si jokofu lililosimama?"

"Si kweli, mama."

"Unabishana na mtu mzima mlangoni kwake. Ingia ndani, mpumbavu wewe, baridi inaingia."

Fundi alinitazama mara moja, kisha jicho la kushoto likafika na kunitazama tena. Akavua viatu, akavipanga kando ya vyetu, akaingia.

Asubuhi yake basi la kaskazini liliondoka bila yeye, na kazi ya bwawani akapewa mtu mwingine. Tulioana kabla ya mwaka kwisha. Mama alihamia chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa cha mapazia, akatuachia sisi chenye dirisha.